Wa Kwanza Kwenye Simu Yake Mwenyewe

Kila asubuhi kabla ya shule Rengganis alishika simu, akaandika "tape ya Kuningan", akatazama. Duka la mtandaoni alilomfungulia mama yake lilikuwa pale pale, juu kabisa. Akalibonyeza, akaangalia picha za tape alizopiga mwenyewe: mchele wa kunata uliochachushwa, umefungwa kwenye majani, umepangwa ndani ya ndoo nyeusi. Roho kwatu. Miezi mitatu mambo ni hayo hayo.

Basi Idi ikakaribia. Watu wa mijini wakaanza kurudi makwao, na kila gari linalopita Kuningan linataka ndoo ya zawadi. Miaka yote mama alikuwa anauzia kwenye kibanda cha Mang Kosim, mjomba wa pale barabara kuu. Rengganis akamwambia aachane nacho, kimepitwa na wakati.

"Mama, sisi ndio wa kwanza nchi nzima. Oda zitakuja zenyewe."

Mama hajui mambo ya mtandao. Akamwamini, akaanza kuloweka mchele wa ndoo arobaini, ishirini kwanza, ishirini baadaye. Tape huiva siku tatu, huwezi kungoja oda ndipo uanze.

Oda zikaja mbili. Moja ya shangazi.

Siku chache baadaye jikoni hakukaliki. Harufu kali, inakaba koo, na nzi kama wamealikwa. Zile ndoo za kwanza zimeota povu, maji yamekuwa ya kijivu, majani yanateleza kama kamasi. Rengganis alifungua ya tatu, akakimbia nje, nusura atapike. Akikumbuka alivyojigamba, alijionea kinyaa kuliko ile ndoo.

Mama hakumgombeza. Alijifunga kitambaa puani, akamwaga ndoo moja baada ya nyingine kwenye shimo nyuma ya nyumba. Afadhali angegomba. Zile ishirini za mwisho zilikuwa bado nzuri, ila siku mbili tu nazo zingeishia shimoni.

Rengganis akaenda mwenyewe kwa Mang Kosim, akamweleza yote, hata lile neno la kupitwa na wakati. Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wa kwanza nchi nzima kaja kwenye kibanda cha mavumbi. Haya, lete simu."

Akatoa na yake, kioo kimepasuka, wakaandika maneno yale yale. Kwake duka la mama halikuwepo, yamejaa maduka makubwa ya Bandung. Akamwita dereva mmoja aliyekuwa amejipumzisha kivulini, naye akatafuta. Hakuna.

Rengganis akaichukua simu yake. "Kumbe simu ilikuwa inanidanganya?"

"Inakupendelea tu, Neng, binti yangu. Umebonyeza duka lenu kila siku, imeshajua unachopenda kuona. Mtu wa Jakarta ana simu yake, nayo inamjua yeye."

Jioni ile magari yaliposimama watu wafuturu, Rengganis akapita kuwaonjesha. Aliyependa akanunua, na Rengganis akamwomba aandike mwenyewe mtandaoni jinsi alivyoionja. Kufikia jioni ya pili ndoo zote ishirini zilikuwa zimeondoka.

Mang Kosim akamwita pembeni. Safari hii hakucheka.

"Mtandaoni uza tu, mwanangu, sikukatazi. Lakini ukitaka kujua kama watu wanakuona, usiulize simu yako, haitakunyima sifa. Muulize mtu asiyekujua. Na jibu lake likikuchoma, limeze, halafu kafanye kazi."