Kisanduku Chenye Neno Ndani

Mama Chiriku hushona na kukodisha magauni ya harusi. Picha za magauni ziko kwenye ukurasa wa mtandao. Anayeutunza ni binti yake, Chiriku, msichana mwenye maneno mengi kuliko redio.

Kila gauni lina kisanduku chake kwenye ukurasa huo: picha juu, maelezo chini. Gauni likichukuliwa, Chiriku huandika ndani neno dogo, "Limekodiwa". Kisha hukififisha kisanduku kizima kwa mkono, ili wateja watambue upesi.

Jumamosi moja mabibi harusi wawili walifika kuchukua gauni lilelile la lulu. Chiriku alikuwa ameandika neno, lakini akasahau kukififisha kisanduku. Bibi harusi wa pili hakuwa ameliona neno hilo alipolikodi gauni. Aliketi akalia kimyakimya, na harusi ni kesho yake. Mama alishika mkasi na sindano, akampunguzia gauni jingine hadi likamkaa kama aliyezaliwa nalo.

Aibu ilipita, lakini Chiriku hakutulia. Alipanda ghorofani kwa Dada Miwani, jirani anayetengeneza kurasa za mtandao. Alimweleza kwamba anajua kuanzia kwa mzazi kwenda kwa mtoto: akitaja kisanduku, huyafikia maneno yaliyomo. Sasa alitaka kinyume chake. Neno la ndani libadili kisanduku kinacholibeba.

"Mtaani mama yako anaitwaje?" Dada Miwani aliuliza.

"Mama Chiriku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ana mimi."

"Basi uambie ukurasa hivyohivyo. Kisanduku chenye neno hili, kififie."

Akamwandikia kwenye faili la mitindo, linaloamua mwonekano wa ukurasa:

.gauni:has(.limekodiwa)

Alimweleza kwamba *has* ni kama kusema "chenye", na nukta hutangulia jina ambalo kisanduku au neno limepewa ndani ya ukurasa. Kilichotajwa mwanzo, yaani kisanduku cha gauni, ndicho kinachochaguliwa. Kilicho ndani ya mabano ni mtoto anayekitambulisha.

Chiriku akaongeza agizo la kufifisha, akafungua ukurasa. Visanduku vyote vyenye neno vilikuwa vimefifia. Akafuta neno moja, kisanduku chake kikang'aa. Akalirudisha, kikafifia. Alishuka ngazi mbilimbili kumwita mama yake aje aone.

Siku hizi Mama huweka neno mwenyewe kwa simu, pini zikiwa bado mdomoni. Kisanduku hufifia chenyewe. Juzi mteja alipiga simu akihema.

"Naona gauni la mikono mirefu ndilo pekee linalong'aa. Mama, usimpe mtu. Niko njiani."