Jibu la Kumi na Nne

Meneja wa huduma kwa wateja alikutwa amelalia meza yake kifudifudi saa moja na nusu asubuhi, chai yake haijapoa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilishafika ukingoni mwa meza na kuanza kudondokea zulia.

Hii ilikuwa ofisi ya kampuni ya sigara, ghorofa ya pili. Nje ya chumba cha meneja kulikuwa na meza kumi na mbili na simu kumi na mbili. Kila pakiti inayouzwa mtaani ina namba ya simu mgongoni, imeandikwa kwa herufi ndogo mpaka ukodoe macho. Mteja mwenye swali anapiga, na humu ndimo anamojibiwa.

"Pigo moja la kitu kizito na butu," alisema daktari wa uchunguzi. "Hajamaliza hata saa moja tangu afe."

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache na subira ndogo. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma. Kwenye kona alikiona kisahani cha majivu cha kioo kinene, kizito kama tofali, kimekaa juu ya kitambaa chake kinang'aa. Kando yake vibanio vya karatasi vilikuwa vimewekwa vizuri kwenye kisosi cha chai.

"Meneja alikuwa anavuta?" alimuuliza mlinzi aliyesimama mlangoni.

"Nani, yeye? Wakubwa wa humu hawavuti hata mmoja, afande. Hicho alikuwa anawekea vibanio."

Inspekta alivaa glavu, akakiinua. Kitambaa chini yake kilikuwa kimelowa.

"Maabara," alimwambia sajenti. "Muuaji wetu kaua, kaosha vyombo, kapanga meza. Niletee kitabu cha mlangoni."

Kitabu kilikuwa na majina mawili tu. Meneja, saa kumi na mbili na nusu. Opareta wa meza ya tatu, saa moja na dakika ishirini na tano. Ndiye aliyemkuta maiti akapiga kelele.

"Kuna mwingine aliyeingia?"

"Hakuna, afande. Ni hao tu."

Opareta alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Jana yake alikuwa amepewa barua ya kufukuzwa kazi, na chumba kizima kilimsikia akigombana na meneja.

"Ulimwambia nini?" Inspekta aliuliza.

"Kwamba iko siku atajibu."

"Leo umekuja kufanya nini mapema hivyo?"

"Kumwomba anirudishe. Nina mtoto, afande, nipo naye peke yangu."

"Kosa lako?"

Binti alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Tuna majibu kumi na tatu kwenye kitabu. Mteja akiuliza kama sigara ndiyo inayomkohoza, namba sita: unamshukuru, unampa pole, unamwambia kampuni inajali, halafu unamuuliza anavuta aina gani. Ukienda nje ya kitabu unaandikwa. Mimi mtu akiniambia anakohoa damu namwambia aende hospitali. Nimeandikwa mara tatu."

"Na huyo mteja anaachwa hivyo hivyo?"

"Hapana. Meneja anampigia mwenyewe kumtuliza. Anamsomea jibu la kumi na nne. Hilo sisi hatujawahi kuliona, anaweka kwenye droo yake, ufunguo anao yeye."

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mkuu wa kituo. "Nasikia mnaye. Kampuni wananipigia kila dakika. Saa kumi huyo binti awe ameshafunguliwa mashtaka."

"Bado sijamaliza, mkuu."

"Maliza."

Binti aliyasikia yote. Alitazama sakafu, akauliza kwa sauti ndogo nani atamchukua mwanawe shuleni. Sajenti alijikuta anatazama dirishani.

Ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa marehemu. Ndani kulikuwa na kadi moja tu iliyochakaa pembe. Inspekta aliisoma mara mbili: *Kila mwili una mambo yake, na hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa hakika.*

"Bure kabisa," alinong'ona. Sajenti, mwenye pakiti ya sigara mfukoni mwa shati, alijifanya hajasikia.

Kisha Inspekta alikitazama kile kisosi. Kilikuwa na mstari wa bluu, sawa na kikombe cha meneja.

"Mlinzi. Hii chai ilikuja kwa miguu yake?"

"Chai? Aliileta Mama Chai."

"Yuko wapi kwenye kitabu chako?"

Mlinzi alishangaa kweli kweli. "Mama Chai anapita mlango wa jikoni, afande. Huyo siyo wa kuandikwa."

Jikoni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu alikuwa anasuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Alimkaribisha Inspekta kiti, akammiminia chai bila kuombwa.

"Pole na msiba wa ofisi, mama."

"Asante, mwanangu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Nimebaki peke yangu. Mume wangu ana miezi mitatu kaburini."

"Pole sana. Aliugua nini?"

"Mapafu."

"Alikuwa anavuta?"

"Miaka thelathini." Alikung'uta kikombe. "Lakini kila mwili una mambo yake, na hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa hakika."

Inspekta alikirudisha kikombe mezani polepole. Hakunywa tena. Moyo ulimuuma, maana alishampenda yule mama.

Mchana, kwenye chumba cha mahojiano, walikaa wanne: Inspekta, sajenti, Mama Chai, na fundi mitambo wa kampuni na mashine yake. Namba ya mume ilipatikana kwenye fomu ya ajira ya mkewe. Simu zote za ofisi ile hurekodiwa.

"Mama, nataka usikilize kitu."

Kikohozi kilianza kwanza. Halafu sauti ya mwanaume: "Binti, nina wiki mbili natema damu. Nauliza tu, ni hizi sigara zenu?"

Mama Chai alishika ukingo wa meza.

"Baba," ilijibu sauti ya kike, haraka, chini chini, "usiniulize mimi. Nenda hospitali. Leo hii, baba, usingoje kesho."

"Basi," alisema Mama Chai. "Zima."

Fundi alizima.

"Unaijua sauti hiyo?"

"Ya kwanza ni mume wangu. Ya pili ni yule mtoto wa meza ya tatu." Alimgeukia Inspekta. "Ndiye mliyemkamata?"

"Ndiye. Saa kumi anashtakiwa."

Mama Chai aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya simu alizopiga meneja mwenyewe. Ya nne ilikuwa namba ya mumewe, na kando yake mwandiko wa mkono: *Aliambiwa aende hospitali. Nimemtuliza.*

"Leo nimepeleka chai, nikaiona mezani. Mume wangu hakunisimulia habari za binti. Mimi nilisikia simu ya pili tu, ameweka spika. Nikaitambua sauti, ni bosi wangu ninayemtilia sukari kila asubuhi. Mume wangu alishavaa viatu, afande. Alikuwa anakwenda. Mimi nikamwambia vua viatu, baba, yule ni mtu mkubwa, ana elimu, anajua anachosema."

Sajenti aliacha kuandika.

"Nikamuuliza meneja, ulijua? Nilitaka aniambie tu, mama, nisamehe. Hata kichwa hakuinua. Akanisomea yale yale, kila mwili una mambo yake. Akainama kuendelea na kazi. Nikamwaga vibanio, nikampiga. Baadaye nikaosha. Sijui kwa nini niliosha, mikono ilijiendea yenyewe. Na vibanio huwa hapendi vizagae."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Niliogopa. Ningejua ni yule mtoto aliyemwambia mume wangu ukweli, ningesema." Aliisukuma karatasi mbele. "Mwachieni akamchukue mwanawe."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Sajenti alitoka kwenda kumfungulia. Mama Chai aliweka sahihi kwenye maelezo yake, herufi moja moja, kisha akamtazama Inspekta usoni.

"Nikuulize, mwanangu. Angekwenda siku ile, angepona?"

Inspekta alifungua mdomo. Jibu lililomjia, na lilikuwa kweli tupu, ni lile la kwenye kadi. Alilimeza, akavuta kiti upande wa yule mama, akamshika mkono.

"Sijui, mama. Lakini alikuwa ameshavaa viatu. Walipaswa kumwacha aende."