Minazi ya Momela

Fransiska alinaswa nywele na jani la mnazi katikati ya umati wa maonyesho ya Nane Nane, pale Njiro, Arusha, na kila alivyovuta ndivyo watu walivyozidi kucheka.

"Tulia, dada. Utaning'olea mti."

"Mti wako ndio unaning'oa nywele!"

Kijana mrefu, shati jeupe amelikunja mikono, alizinasua rasta za Fransiska moja moja, vidole vikinukia udongo mbichi. Aliitwa Elirehema, Mmeru wa Momela, muuza miti ya mapambo. Alimtazama yule dada wa Kichaga aliyependeza kwa gauni la kitenge cha njano, akasahau wateja wengine.

"Mnazi unaota Momela, kwenye baridi ile?" Fransiska aliuliza.

"Huu ni wa mapambo tu, hauzai nazi; asili yake milima ya China. Hata barafu unaivumilia. Nauleta kutoka Limuru, Kenya. Wewe unafanya kazi gani?"

"Mkaguzi wa mimea, mpakani Namanga."

"Basi ngoja nikutongoze mapema, maana mzigo wangu unapita mikononi mwako!"

Akamtongoza kweli. Kila Ijumaa Fransiska aliporudi kutoka Namanga, chumbani kwake Engutoto mjini Arusha, Elirehema alimsubiri getini, wakapanda kwenda Momela kufunika minazi michanga kwa magunia kabla baridi haijashuka. Alimfunika na yeye pia, kwa koti lake la kahawia. Kila kitu kilikuwa kitamu, isipokuwa simu za mtu mmoja aitwaye Kandida. Zilipoingia, Elirehema alitoka nje.

"Huyo Kandida ni nani, baba?"

"Ndiye ananiuzia minazi, mama. Biashara tu."

"Biashara gani inaongelewa nje kwenye manyunyu?"

"Wivu huo!" Elirehema alimfinya shavu. Fransiska hakucheka.

Siku mzigo mwingine ulipofika Namanga, Elirehema alikwenda kuupokea. Fransiska alimwona akija na mwanamke mweupe, midomo myekundu, jinzi imemkaa sawasawa. Mabegani alikuwa na lile koti la kahawia.

"Wewe ndiye Fransiska!" Kandida alimpa mkono. "Eli hakuniambia kama wewe ni mrembo hivi. Mimi naye ilibaki kidogo tu tuoane, si unajua?"

Hakujua. Alimtazama Elirehema, Elirehema akatazama chini.

Vyeti vilikuwa sawa. Siku nyingine angechungulia miti michache, gari likaondoka.

"Shusheni yote," Fransiska alisema.

"Siska, mpenzi, yote?"

"Kazini hapa hakuna mpenzi."

Akapasua moyo wa mnazi wa kwanza. Mzima. Wa pili, mzima. Alitaka kuacha, lakini macho yakaangukia lile koti, akashika kisu tena. Ndani ya mnazi wa tatu, funza mnene mweupe alijipindapinda kwenye mwanga. Kwa sheria, mzigo wote ukateketezwa.

"Umechoma jasho langu!" Elirehema alifoka.

"Si umemwona funza kwa macho yako?"

"Ungekuwa mzigo wa mtu mwingine, ungefika mti wa tatu?"

Fransiska akageuka, akafuta kisu. Elirehema akapanda gari na Kandida, wakaondoka.

Miezi ikapita. Fransiska alimpigia, simu haikupokelewa. Kila akifumba macho aliwaona wawili wale Limuru, wanacheka. Alikonda.

Jumamosi moja ya masika, Elirehema alibisha hodi Engutoto, ameloa chapachapa.

"Kandida amenipigia analia. Minazi yake inalegea vilele, inadondoka. Funza wamemaliza shamba zima. Ungeniachia ule mzigo, leo Momela nisingekuwa na mti. Nisamehe, Siska."

Ilikuwa rahisi kuitikia tu. Fransiska alishindwa.

"Usiniombe msamaha. Nilipasua kwa wivu. Nilitaka muumie, wewe na yeye. Funza nilimkuta tu."

"Na mimi nilikuficha. Alikuwa anataka turudiane. Niliogopa nikimkatalia, nitakosa minazi."

"Kwa hiyo mpaka leo hujamkatalia?"

"Siska!"

"Mpigie. Hapa hapa, nikisikia."

Akapiga, akaweka spika. "Kandida, pole tena na shamba. Ila nataka ulisikie kwangu mwenyewe: nawatuma wazee Marangu, kwa kina Fransiska, kuposa."

"Yule mkaguzi?"

"Huyo huyo."

"Sawa, Eli." Sauti ilikatika, na simu ikakatika.

Fransiska alidhani angefurahi. Badala yake alimwonea huruma mwanamke yule, peke yake na shamba lake lililokufa, na wivu aliokuwa ameubeba muda wote ukamtoka kifuani. Akachukua ncha ya khanga yake, akamfuta Elirehema maji usoni.

"Hujaniuliza mimi, umekimbilia kumwambia yeye," alisema.

"Nakuuliza sasa. Waje?"

"Waje."