Beseni la Mlangoni

Yaliyompata shangazi yangu niliyaona kwa macho yangu haya mawili, tena jua likiwaka, kwa hiyo msiniambie habari za usingizi.

Mumewe alikuwa fundi wa kutia nguo rangi katika kiwanda kilichokuwa kando ya mto, jirani kabisa na nyumba yao. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, na shangazi, kwa usafi wake wa kupindukia, hakumruhusu kuvuka kizingiti bila kunawa. Kila jioni alimwekea beseni la maji ya moto nje ya mlango. Akimaliza, mume aligonga ukingo wa beseni mara tatu. Shangazi alipenyeza mkono nje na kumpa taulo, uso ameugeuzia ndani, maana akichungulia tu, anarushiwa maji. Walicheza mchezo huo mpaka wakaota mvi.

Siku moja mume aliteleza akisuuza vitambaa mtoni. Maji yalikuwa mazito kwa rangi na dawa za kiwandani. Waliozamia hawakuona kitu, na mwili haukupatikana. Shangazi alinyimwa hata kaburi la kulilia. Kila nilipomtembelea alisema angetoa roho yake aushike mkono ule mara moja tu.

Kiwanda kikafungwa. Miaka ikapita, maji yakatakata, samaki wakarudi, na nyuma yao ndege. Watu walileta watoto wao kuwaangalia. Mimi nilikwenda kumchukua shangazi akakae kwangu. Alikuwa amezeeka, anaburuza mguu wa kushoto, hana wa kumpa hata maji ya kunywa.

"Nitakuja, mwanangu," alisema, akibandika sufuria ya maji jikoni. "Ila nimuage kwanza."

"Umuage nani, shangazi?"

"Usiniulize maswali ya kipolisi. Kaa hapo."

Akatoa beseni nje. Nikachungulia dirishani. Ndege mmoja, yangeyange mweupe pee, alikuwa anapanda kutoka mtoni. Hakuruka. Alitembea, kwa uchovu wa mtu aliyetoka kazini. Miguu yake ilikuwa ya buluu mpaka magotini.

Nilitaka kucheka, lakini shangazi alikuwa ameshachukua taulo.

Ndege akaingia ndani ya beseni. Maji yakarukaruka. Kisha kimya.

Ko. Ko. Ko.

Shangazi alisimama nyuma ya mlango, uso ameugeuzia ndani, anatabasamu kama bi harusi. Akapenyeza mkono nje. Taulo likavutwa. Halikudonolewa. Lilipokelewa, taratibu.

"Mbona mikono yako baridi hivi?" akanong'ona.

Nikatazama tena dirishani. Ndege hayupo. Mtu hayupo. Mkono wa shangazi ulikuwa peke yake nje ya mlango, na ngozi yake ilikuwa imebonyea mahali pa vidole.

"Shangazi, rudisha mkono!"

"Niache, mwanangu. Nimengoja mno."

Nilimkamata kiunoni nikamvuta. Akaniangukia mikononi, mwepesi, ameshakata roho. Tabasamu lilibaki usoni. Yeye alikuwa amepata alichokitaka. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, peke yangu, katika nyumba iliyojaa mvuke wa maji ya moto. Nilikuwa nimemwandalia chumba. Nilikuwa nimemnunulia hata kandambili za kuvaa ndani, maana nilijua atakavyonisumbua kuhusu sakafu.

Wanawake waliomwosha walisugua kiganja chake cha kulia mpaka sabuni ikaisha. Alama ya vidole vya buluu haikutoka. Tukamzika nayo.

Jioni baada ya mazishi nilirudi kufunga nyumba. Taulo lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake nje ya mlango, limelowa. Juu ya saruji, kuanzia kizingitini na kushuka kuelekea mtoni, kulikuwa na nyayo za ndege wawili, bega kwa bega. Za mmoja zilikuwa za buluu. Za mwenzake zilikuwa za maji matupu, na mguu wa kushoto ulikuwa umeburuzwa.