Bega la Wachuka na Salamu za Wageni

Kila Jumamosi asubuhi Wachuka alibeba kapu la majani chai hadi kituo cha kupimia, kisha akarudi nyumbani kukata nyasi za ng'ombe. Kwenda alikwenda kwa adabu. Kurudi, kapu likiwa tupu, miguu ilipata wazimu. Njia ya kwao, karibu na Othaya, ilikuwa na mteremko mkali, na mvua ikinyesha watoto walikalia magome ya mgomba wakateleza hadi chini. Mama alikuwa amemkataza mpaka akachoka.

"Ukiumia, mpira wa pete usahau," alimwambia.

Tisho hilo lilimwingia. Wachuka alikuwa darasa la saba, mfungaji wa kutegemewa, na wiki iliyofuata timu yao ingecheza Nyeri mjini.

Jumamosi hiyo ya mwaka 1996 aliteleza mara tatu salama. Mara ya nne gome liligeuka, na bega lake la kulia likagonga kisiki kwa kishindo. Alipoinuka, mkono ulining'inia kando ya mwili na haukutaka kurudi. Bega lililokuwa la mviringo sasa lilikuwa na pembe kama kona ya meza. Wachuka alijifunika sweta mabegani, akajiambia kwamba litarudi lenyewe.

Kwa bahati mbaya, siku hiyo nyumbani kulikuwa na wageni kumi na saba kutoka Meru, jamaa za Muthomi aliyetaka kumwoa shangazi Wacera. Na kwao mtoto humsalimia kila mgeni kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na mkono wenyewe ni wa kulia. Nyanya alisimama mlangoni kuhakikisha hakuna mtoto anayeruka mtu.

Wachuka alimfikia mgeni wa kwanza, mzee Kiambi, akampa mkono wa kushoto. Mzee aliutazama kana kwamba amepewa chura.

"Wa kushoto?" Nyanya alinong'ona kwa ukali. "Kwa wakwe zetu?"

"Nililala vibaya, Nyanya. Bega limekaza."

"Ati ulilala vibaya, na asubuhi umebeba chai?"

Mjomba Kingori alisogea, mkononi ana mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kijiji kizima kilimjua kwa kuvuta ndama waliokwama.

"Niachieni. Tunapaka, tunavuta kidogo, kwisha," alisema akikunja mikono ya shati. "Ndama wote niliowavuta, hakuna aliyewahi kulalamika. Ngatia, mshike dada yako kiuno."

"Mzee, acha huo mkono," sauti ilitoka kwenye viti vya wageni. Alikuwa Karwitha, dada yake Muthomi, muuguzi huko Kerugoya. Alipiga magoti mbele ya Wachuka. "Jaribu kugusa bega la upande wa pili."

Wachuka alijaribu. Mkono haukufika hata kifuani.

"Vidole unavisikiaje?"

"Kama vimeingiwa na siafu."

"Uligongwa na nini, mwanangu?"

Wachuka alimtazama Mama, akauona mpira wa pete ukimtoroka. Kisha akamwona mjomba akifungua mkebe.

"Niliteleza na gome la mgomba, nikagonga kisiki," alisema haraka. "Mara nne. Kugonga ni mara moja, kuteleza ndiyo nne."

Mama alifumba macho.

"Bega limetoka mahali pake," Karwitha alisema. "Halikandwi, halivutwi. Asiyejua akilivuta anaweza kuvunja mfupa au kukata mshipa."

"Hata kidogo?" mjomba aliuliza.

"Hata kidogo."

Mjomba aliufunga mkebe polepole kama mtu aliyeachishwa kazi. Karwitha alichukua leso ya Nyanya, akaufunga mkono shingoni vile vile ulivyokuwa, bila kuunyoosha. "Na asile wala asinywe mpaka daktari amwone, huenda wakampa dawa ya usingizi."

Wakati huo huo sinia za mukimo wa viazi na mahindi, na za mbuzi wa kuchoma, zikaingia. Hapo ndipo Wachuka alipolia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama, Karwitha na mjomba walimpeleka hospitalini kwa pikapu ya wageni. Alipigwa picha ya eksirei, akapewa dawa ya usingizi, na alipoamka bega lilikuwa mahali pake, mkono umefungwa kifuani. Daktari alisema utakaa hivyo wiki tatu, na mpira angeusubiri miezi kadhaa.

"Nyeri basi," Wachuka alisema kwa sauti ndogo.

"Nyeri utakwenda," Mama alisema. "Utakaa kwenye benchi, uwapigie wenzako makofi kwenye paja, kwa mkono mmoja."

Karwitha alicheka, kisha akamshika vidole kuona kama vina joto. "Umeukosa mchezo mmoja, mwanangu. Ungenyamaza mpaka kesho, ungeweza kuukosa mkono. Mtu akigongwa vibaya, ushujaa wake ni kusema mapema: nimeumia, ni hapa, na nilikuwa nikifanya hivi. Hata kama alikatazwa. Kukaripiwa kunaisha jioni moja."

Mjomba Kingori, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa wodi, alikohoa.

"Dada, na goti ambalo halijakunjika tangu Pasaka, mtu alipoanguka kutoka juu ya paa la zizi, nalo husemwa?"

Karwitha alimvutia kiti. "Kaa hapo, mzee. Anza mwanzo."