Merikebu Iliyopasuliwa Katikati

Sabaha alinunua karanga kwa sababu ya njaa, akagombana kwa sababu ya karatasi. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini, na soko la Nachingwea lilikuwa limejaa vibarua wa ule mradi mkubwa wa karanga wa Wazungu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Yeye alikuwa ametoka Nkowe, upande wa Ruangwa, kwa lori la ufuta, pamoja na mjomba wake Abdalah. Alivaa kanga mpya ya manjano na kilemba alichokilaza upande. Tangu aachane na mume wake wa kwanza, watu wa kwao walitegemea kumwona amejiinamia, naye hakuwa tayari kuwafurahisha.

Alipotafuna mbili tatu, macho yakaangukia maandishi ya kifuko cha karatasi alichofungiwa karanga, ukurasa uliochanwa kitabuni. Mbuzi alikuwa akimwambia Nahodha Tunu kwamba nyota zinaonyesha kisiwa cha wafuga mawingu hakiko mbali. Sabaha aliacha kutafuna. Alikuwa na miaka kumi Mwalimu Eustakio alipowasomea kitabu kile darasani, habari za binti aliyechonga merikebu kwa mti wa mninga akaenda kutafuta bahari inapoishia. Darasa zima hakuna aliyewahi kuiona bahari, lakini jioni walirudi nyumbani wakiyumba kama mabaharia.

Akamgeukia muuza karanga, Bi Mwanabibi, akamwomba asichane ukurasa mwingine. Kitabu kilikuwa juu ya goti la mama yule, na mkono mwingine ulikuwa umeshakikamata. Ulikuwa wa kijana mrefu mwenye suruali ya kaki iliyojaa grisi.

"Nimekiona kwanza, dada," akasema.

"Umekiona. Mimi nimeshaanza kukilia karanga."

Huyu akavuta, yule akavuta, mgongo wa kitabu ukapasuka katikati. Bi Mwanabibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaamua kesi papo hapo: kijana achukue nusu ya kwanza, binti nusu ya pili, na wakitaka hadithi nzima waje wakae mbele ya meza yake, maana watu wawili wanaogombana huvuta wateja.

Kijana aliitwa Ausi, dereva wa trekta, Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kitabu hicho alisomewa kwenye shule ya kijijini kwao, na alikuwa bado anakumbuka jina la kila baharia. Ikawa kila baada ya wiki mbili, lori likishateremsha ufuta, wanakaa kwenye gogo pale kwa Bi Mwanabibi, Ausi anasoma sura moja. Sabaha alikuwa ameapa kutofungua nusu yake mpaka waifikie pamoja. Alimtania kwamba anasoma kama anayeendesha trekta, kwa kishindo na bila breki. Ausi naye alimwita nahodha, na kufikia sura ya nne jina hilo lilikuwa limeanza kumtoka taratibu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. Sabaha alimpenda. Hakujidanganya hata siku moja kuhusu hilo.

Kulikuwa na jambo moja tu waliloshika tofauti. Mwalimu Eustakio hakuwahi kusoma sura ya mwisho. Alikifunga kitabu akasema Tunu aliogopa, akageuza merikebu, akarudi kuomba radhi kwa wazee wake. Ausi naye aliambiwa vivyo hivyo na mwalimu wa kwao, akaamini. Sabaha hakuwahi kuamini.

Sasa, katika ukoo wa kina Sabaha posa haijibiwi kwa mdomo. Mshenga huleta kitu kimoja cha mposaji kikiwa kimefungwa kwenye leso mpya, na mjomba wa binti ndiye anayekipokea. Kikibaki nyumbani, wamekubali. Kikirudi, wamekataa, na mwungwana haulizi kwa nini. Ausi alifundishwa hayo yote na mshenga wake, Seleman, tandiboi wa lile lori. Akafikiri atume nini, akaona kitu cha thamani alicho nacho duniani ni nusu ya kitabu.

Mzee Abdalah aliipokea. Alikuwa amemlea Sabaha tangu akiwa mchanga, na hakutaka achukuliwe na mtu wa kuja asiyejulikana hata kaburi la babu yake liko wapi. Kuirudisha posa mwenyewe aliogopa, kwa kuwa alimjua mpwa wake. Basi akaifungua leso, akaitia mfukoni, na nusu ya kitabu akampa Sabaha akisema dereva wake amemwazima makaratasi. Sabaha akafurahi. Jumamosi iliyofuata mjomba alimwacha nyumbani alinde mahindi dhidi ya nguruwe, naye, asitake Ausi akose kitabu chake, akampa Seleman akirudishe na salamu nyingi. Seleman aliona kimerudi bila leso, akaona aibu, salamu akazimeza.

Wiki mbili baadaye Sabaha alifika sokoni na nusu yake kifuani. Gogo lilikuwa tupu. Bi Mwanabibi hakumpa karanga wala kiti.

"Umemrudishia mtoto wa watu posa yake, halafu unakuja kumtafuta?"

"Posa gani?"

Mama yule akamtazama kwanza, akaona hajifanyi. Akamweleza yote, mpaka leso aliyoidarizi kwa mkono wake mwenyewe, nyeupe yenye ukingo wa kijani. Akamwambia Ausi ameandikishwa kazi bandarini Mtwara, na gari la moshi linaondoka mchana huohuo.

Sabaha aligeuka. Mjomba wake alikuwa amesimama kwenye magunia ya ufuta, anajifuta jasho shingoni kwa leso nyeupe yenye ukingo wa kijani.

Hakupiga kelele. Alimwendea, akaitwaa leso mkononi mwake, akashika njia ya stesheni. Mzee akamfuata akihema na kumwita. Watu wakawafuata wote wawili.

Ausi alikuwa mlangoni mwa behewa, mzigo begani. Alipomwona aliangalia pembeni.

"Nilipewa karatasi, sikupewa leso," Sabaha akasema, akiiinua juu. "Ilikuwa mfukoni mwa mjomba. Nilirudisha kitabu cha kuazima, Ausi. Posa sijairudisha."

"Mimi ndiye ninayejibu posa katika nyumba yangu," akasema Mzee Abdalah.

"Uliijibu ya kwanza, mjomba, nikaenda, nikapigwa miaka miwili. Hii naijibu mwenyewe. Ukitaka kunikana, nikane hapa, watu wote wasikie."

Mzee akawatazama watu, akarudi nyuma hatua moja. Sabaha akaifunga ile leso kichwani, juu ya kilemba, mbele ya stesheni nzima.

Ausi alishuka. Alisimama karibu naye, macho yamelowa, akauliza jambo la kipuuzi kabisa.

"Inaishaje, nahodha?"

"Sijui. Niliapa kukungoja."

Sabaha akaitoa nusu yake kifuani, akafungua ukurasa wa mwisho na kuusoma wakiwa wamesimama, kwa sauti, vumbi likiwaangukia. Tunu alifika bahari inapoishia. Wazee wake walikuwa wamemtumia ndege wa kumwita arudi. Aliwapa ndege maji, akawaambia wapeleke salamu, akashika usukani. Hakugeuza.

"Walimu walitudanganya," akasema Ausi.

"Walitudanganya wote." Sabaha alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Utanioa, na bahari nitaiona."

Gari la moshi lilipiga honi. Ausi hakuugusa mzigo wake. Nyuma yao Mzee Abdalah, aliyesimuliwa hadithi ile jioni baada ya jioni na mtoto wa miaka kumi, alikohoa mara mbili.

"Na yule mbuzi?" akauliza. "Alikwenda naye?"

Sabaha akakifunga kitabu.

"Njoo harusini, mjomba. Utasomewa."