Mashine Yangu Ilimfuta Bibi Joviana

"Bibi, jina lako halipo."

Maneno hayo niliyasema mimi. Kwa mdomo wangu huu huu. Nilimwambia bibi yangu mzaa mama, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, pale Kamachumu, wilayani Muleba, jua likiwa kali.

Nyuma yangu lori la mablanketi na sare za shule. Mkononi nina orodha.

"Angalia tena, Georgina."

"Nimeangalia mara tatu, Bibi."

"Mimi ndiye Joviana niliyekulea. Umenisahau?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja hata hakunong'ona...

"Mawe! Mama wee! Mjukuu wake mwenyewe kamfuta!"

Bibi hakulia, wala hakunitukana. Alikunja gunia tupu alilokuja nalo, akaliweka kwapani, akashika njia ya kurudi kwenye kibanja chake cha migomba. Nami nikaendelea kusoma majina ya watu wengine.

Jamani, msinipige mawe kwanza. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mseme.

Ilikuwa 1993. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka ukapona. Baba yangu alikwenda vita vya Kagera, hakurudi. Mama akafa 1989 kwa ugonjwa ambao nyumbani hatukuutaja jina. Wajomba wawili wakamfuata, na wake zao. Ilifika mahali tunazika Jumanne, Alhamisi tunazika tena, Jumapili tunaulizana padri atamwanzia nani. Bibi Joviana akabaki na watoto wa watoto wake.

Mimi nilibahatika kupata kazi Bukoba mjini, kwenye shirika moja la kusaidia yatima. Ofisi ilikuwa juu ya duka la Mzee Umedbhai. Tulikuwa watatu tu. Bwana Gamaliel, bosi. Mzee Burhani wa Kibeta, mchapaji wa miaka mingi. Na mimi, niliyetoka Mwanza na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu... na kichwa kikubwa!

Kazi ilikuwa hivi. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba. Kila kaya iliandikwa mstari mmoja: jina la mkuu wa kaya, koma, kijiji, koma, idadi ya watoto, koma, mahitaji. Mwandikishaji wa Muleba, Mwalimu Protase, alichapa mistari hiyo kwenye kikompyuta kikuukuu, akatuletea disketi. Za Kaagya zikaja, za Kashozi zikaja.

Mzee Burhani alikuwa anasoma mstari mmoja mmoja kwenye kioo cha kompyuta, anauchapa upya kwenye jedwali letu. Kidole kimoja, kisha kidole kingine. Disketi moja ilimla siku nne.

Nikamcheka.

Nikakaa wiki mbili, nikaandika programu ndogo. Ukibonyeza vitufe viwili tu, inafungua faili, inakata kila mstari penye koma, inapanga vipande kwenye safu zake, inahamia faili linalofuata. Yenyewe! Bwana Gamaliel akanipa na sharti moja: kaya isiyo na mtoto iondolewe. Nami nikaiamuru hivi: kwenye safu ya idadi kama hakuna namba, ihesabu ni sifuri, iufute mstari.

Nikaipa jina. Mchapakazi.

Kazi ya mwezi mzima iliisha kabla chai haijapoa. Bosi akapiga makofi. Mzee Burhani yeye alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mwanangu, disketi za Muleba uzisome kwa macho kwanza. Zina mambo yake."

"Mzee, dunia imeshaondoka huko."

"Sawa. Mimi nimesema."

Basi. Orodha ikachapishwa, lori likapakiwa, nikapewa heshima ya kwenda kusoma majina nyumbani kwetu. Mwisho wake mmeuona.

Kesho yake nikarudi Bukoba nimevimba macho. Mnajua nilifanya nini?

Nilitafuta wa kumbebesha.

"Bwana Gamaliel, kuna mtu kafuta majina ya Muleba."

"Nani?"

"Nani mwingine? Mashine imemnyang'anya kazi. Ana kinyongo."

Niliyasema hayo bila ushahidi hata punje. Saa nne asubuhi Mzee Burhani aliitwa, akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Mzee wa miaka hamsini na sita! Alichukua kofia yake na chupa yake ya chai. Mlangoni akageuka.

"Georgina, marekebisho ya orodha yanafungwa Ijumaa. Asiyekuwemo hapati kitu mpaka mwakani. Usinishughulikie mimi. Shughulikia orodha."

Akashuka ngazi polepole.

Ilikuwa Jumanne. Maneno yale yalinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Jumatano asubuhi nikaichukua disketi ya Muleba ili nipate ushahidi wa kummaliza kabisa yule mzee. Nikafungua faili lenyewe, kabla Mchapakazi hajaligusa.

Na mstari wa bibi ulikuwepo! Hakuna aliyekuwa ameufuta kwenye disketi.

"Joviana, Kamachumu, Georgina, Elieza, Anatory, Rugaibula, Ishengoma, Kokugonza, mablanketi na sare."

Nikasoma. Nikarudia. Nikafuata koma kwa kidole...

Mahali palipotakiwa idadi, palikaa majina.

Ndugu zangu, mimi nimelelewa na Bibi Joviana. Nilijua! Tangu aanze kuzika wanawe, bibi hakuwahi kututaja kwa namba. Wazee wengi kwetu waliozika sana walikuwa hivyo. Walisema ukihesabu waliobaki, unakiita kifo kije kuhakikisha hesabu yako. Wakati wa chakula alikuwa anatuita jina kwa jina mpaka wote tukae kwenye mkeka, na mgeni akimuuliza "una wangapi?" anamwambia, "Waitu, mwenzetu, hawa unaowaona."

Mwalimu Protase naye ni mtu wa huko huko. Alipouliza idadi akajibiwa majina, hakubishana na bibi kizee aliyefiwa. Akaandika majina. Akatenganisha kwa koma, kama tulivyomfundisha.

Mchapakazi akafika kwenye safu ya tatu akitafuta namba, akakuta jina la mtu. Akahesabu sifuri, akafuta.

Na jina lenyewe aliloligonga la kwanza lilikuwa la nani?

Georgina. La kwangu.

Bibi aliulizwa yatima wa nyumba yake, akaanza na mimi. Mimi mwenye mshahara, mwenye cheti, mwenye kiatu cha kisigino! Mimi niliyedhani nimeshatoka kwenye ile foleni ya yatima. Jina langu ndilo lililomfutisha bibi, kwa mashine niliyoiunda mimi.

Nikaendelea kushuka kwenye faili. Mstari baada ya mstari, majina mahali pa namba. Kaya thelathini na saba! Zote za wazee, zote hazimo kwenye orodha.

Hapo sasa nililia. Nililia mpaka Mzee Umedbhai akapanda kutoka dukani kuuliza nani amefariki.

Mchana ule ule nikaenda Kibeta. Mzee Burhani nilimkuta anapalilia maharage.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nikapiga magoti kwenye udongo, na kiatu changu cha kisigino.

"Mzee, ni mimi. Si wewe. Ni mashine yangu."

Aliendelea kupalilia tuta zima kabla hajajibu.

"Ulikuta majina?"

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi nilikuwa nayahesabu kimya kimya kwenye kioo, naandika namba. Bibi zenu hawakuhesabu, nikahesabu kwa niaba yao. Ndiyo maana nilichelewa."



"Nisamehe, Mzee."

"Nimechoka kusamehe, mwanangu. Lakini kuna Alhamisi na Ijumaa. Twende."

Njiani tulipita ofisini, nikamwambia Bwana Gamaliel ukweli wote. Alinikata jicho, akanipa barua ya onyo, akamwomba radhi mzee. Nilistahili zaidi ya hapo.

Alhamisi tukakaa wawili. Mchapakazi sikumtupa. Nilimfundisha kitu kipya: akikuta neno mahali pa namba, asifute. Asimame, apige kengele, amngoje mtu. Akipiga kengele, Mzee Burhani anavaa miwani, anasoma majina kimoyomoyo, ananiambia namba.

Ijumaa mchana tukafika kwenye mstari wa Bibi Joviana. Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu na muhuri.

"Andika sita," alisema Mzee Burhani.

"Watano," bosi akadakia. "Georgina ana miaka ishirini na tatu. Ni mfanyakazi wetu. Huyo si yatima wa kupewa blanketi."

Nikaanza kuandika tano. Haki kabisa, bosi alikuwa sahihi.

Mzee Burhani akanishika mkono. Mzee yule yule niliyemsingizia kufuta majina ya watu!

"Baba yake yuko wapi? Mama yake je? Bibi kamtaja, nasi hatuna ruhusa ya kumfuta mara ya pili. Andika sita."

Bwana Gamaliel akagonga muhuri.

Wiki iliyofuata lori lilirudi Kamachumu. Safari hii nilianza na wale thelathini na saba. Nilipofika kwa "Joviana" sauti ilikatika, watu wakanimalizia. Bibi akaja na gunia lake. Akapokea mablanketi, akayapanga chini moja moja huku akitaja majina. La Elieza. La Anatory. La Rugaibula. La Ishengoma. La Kokugonza.

La mwisho akaniwekea mabegani, pale pale, jua kali, mbele ya wale watu mia mbili.

"Na wewe ulikuwa unasikia baridi," akasema. "Nilikuwa naona."

Mzee Burhani ameshatangulia mbele ya haki. Bibi naye. Blanketi lipo, limebaki nyuzi tu, nalifunika magoti sasa hivi ninapowaandikia.

Nyinyi mnaotengeneza mifumo ya kuwapanga watu kwenye safu, sisemi muache. Mimi mwenyewe sikuacha. Lakini kabla hujafuta mstari usioeleweka, ufungue uusome kwa macho. Na ukishagundua kosa ni lako, nenda ukapige magoti mchana, watu wakikuona.